Kuagiza Kitanda kwa Fundi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutoa Arubuni

Ndugu wafanyakazi, minada ya tumbaku ikifunguliwa, na wale wa mashambani wakapata chochote mkononi, jambo la kwanza wengi wetu tunalolifikiria ni kitanda. Baada ya kitanda, meza na viti; kabati huja mwisho, kama fedha zikiruhusu. Wako wanaokwenda dukani kuchukua kwa mkopo, na wako wanaokwenda kwa fundi seremala. Makala haya ni ya hao wa pili, hasa wenzetu wa Mponela, wa mashamba ya wilaya ya Dowa, na wa viwanda vya Kanengo mjini Lilongwe.

Mafundi hawako mbali. Lilongwe wanajulikana wale wa Biwi, ambao hufanya kazi kando ya barabara, hata mpita njia akaona randa ikifanya kazi yake. Kutoka Lilongwe kwenda kaskazini, kiasi cha kilometa 45, iko Dzaleka. Zamani mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa siasa, na tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu 10,000 hivi, leo wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Miongoni mwao wamo maseremala waliojifunza kazi huko kwao, na faida moja kwa msomaji wa kurasa hizi ni kwamba utaelewana nao kwa Kiswahili tangu salamu mpaka bei. Lakini ukitafuta mbao sokoni, ulizia "matabwa", kwa kuwa hilo ndilo neno la Kichewa.

Sasa tuanze na mbao, maana hapo ndipo fedha za mfanyakazi hupotelea.

Mbao nyingi zinazouzwa hapa ni za paini, na sehemu kubwa imetoka katika msitu wa kupandwa wa Viphya, huko Chikangawa. Paini ni nyepesi, hupasuliwa upesi, na bei yake ni nafuu. Ila miti mingi iliyokomaa imekwisha katwa, kwa hiyo ubao unaouziwa leo mara nyingi umetoka katika mti mchanga, tena ungali na maji. Ubao mbichi unapokauka hupungua upana. Urefu haupungui sana. Ndiyo sababu kiungo kilichokazwa vizuri mwezi wa Februari huanza kucheza mwezi wa Agosti, na ubao wa meza hupasuka katikati. Fundi asipokuambia, wewe utadhani ni uchawi au uvivu wake, kumbe ni maji tu.

Kujua ubao uliokauka si vigumu. Uweke shavuni: mbichi ni wa baridi. Gonga mbao mbili pamoja: kavu hulia, mbichi hutoa sauti nzito. Njia ya uhakika zaidi ni mizani. Omba kipande kidogo, kipime kwa mwenye duka, kiweke ndani ya nyumba mahali pakavu, ukipime tena baada ya wiki. Kama kilikuwa gramu 600 na sasa ni 540, mbao hizo bado zinatoa maji, subirini. Kama uzito haukubadilika, fundi aanze kazi.

Zipo mbao bora kuliko paini. Mlombwa, ule ambao Tanzania huitwa mninga, hutulia na haupindi ovyo. Mbawa, yaani mkangazi, hung'aa vizuri ukipakwa vanishi. Hiyo ni miti ya asili, na kuivuna katika misitu ya hifadhi kunahitaji kibali kwa Sheria ya Misitu ya 1997. Muulize fundi ameipata wapi. Mbao zikikamatwa njiani, hasara ni yenu wawili. Mwerezi wa Mulanje usiuagize kabisa. Mti huo ulitangazwa kuwa mti wa taifa mwaka 1984, na leo mlimani karibu umekwisha.

Jambo la pili ni vipimo, na hapa kosa huwa letu wateja. Mtu humwambia fundi "nataka kitanda kikubwa", kisha hushangaa godoro linaelea. Pima godoro lenyewe. La futi 4 kwa 6 ni sentimeta 122 kwa 183. Ongeza sentimeta 2 kila upande wa ndani ili mkono upite wakati wa kutandika. Hesabu na chaga. Wengi huwekewa saba, godoro la sponji likaingia katikati kama machela baada ya miezi michache. Chaga za inchi 3 zikiachana sentimeta 7 zitakuwa 13. Huo ni ubao zaidi, ndiyo, lakini godoro ni ghali kuliko chaga.

Meza ya kulia iwe na kimo cha sentimeta 75, na kiti 45. Kabati lina hila yake. Kabati la kimo cha sentimeta 200 na kina cha 60 huwezi kulisimamisha katika chumba chenye dari ya sentimeta 205, ingawa kwa macho linatosha. Likiinuliwa kutoka sakafuni, kona yake hupita karibu sentimeta 209. Kwa hiyo pima dari, pima mlango, na kama njia ya nyumba ina kona, pima kona.

Muulize fundi atakavyounga. Mguu wa meza uliopigiliwa misumari mitupu hautafika mbali. Tundu na ulimi, pamoja na gundi, ndiyo kazi. Mtakuwa mmekwisha kuona kile kiti cha Malawi kinachouzwa barabarani, mbao mbili zilizochongwa, moja ikipenya ndani ya nyingine: hakina msumari hata mmoja, na mtu mzima hukikalia. Kitanda, hata hivyo, kifungwe kwa bolti pembeni, kiweze kufunguliwa na kupakiwa kwenye matola.

Niseme yaliyonipata mwenyewe. Nilitoa nusu ya bei kwa fundi mmoja, tukapeana mikono, nikaambiwa wiki mbili. Baada ya wiki tano nilikuta hata ubao haujanunuliwa. Nikawaka. Akanijibu, "Kaka, sikula pesa yako. Nimemalizia kabati la mteja aliyekutangulia." Alikuwa akisema kweli. Fundi asiye na mtaji huendesha karakana kwa arubuni ya mteja anayefuata, naye anayefuata humngoja mwingine. Ilikuwa ni mwisho wa 2023, na mwezi wa Novemba kwacha ilikuwa imeshushwa thamani kwa asilimia 44. Bolti, gundi na vanishi vikapanda, na bei tuliyokubaliana haikutosha tena. Nilimlaumu sana siku ile. Leo nadhani nusu ya kosa ilikuwa yangu.

Tangu hapo nafanya hivi: nakwenda na fundi kununua mbao, nalipa mwenyewe, nachukua stakabadhi, nazo zinaandikwa jina langu kwa kalamu ya rangi. Ubao ulionunuliwa leo haupandi bei kesho. Ufundi nalipa kwa mafungu: theluthi akianza, theluthi nikiona viungo vimekazwa kabla ya kupakwa vanishi (vanishi huficha mengi), na iliyobaki siku ya kuchukua. Haya yote yaandikwe kwenye karatasi mbili, pamoja na vipimo, aina ya mbao na tarehe, shahidi mmoja atie sahihi. Mwezi mzuri wa kuagiza ni kati ya Mei na Oktoba, wakati wa ukavu.

Kuhusu bei ya ufundi, wanachama wenzangu, tusijidanganye. Uliza kazi itachukua siku ngapi, zidisha kwa ujira wa siku ambao wewe mwenyewe ungekubali, uone kama bei yako inafika. Fundi wa Dzaleka hawezi kwenda atakako kutafuta wateja. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti juu ya kutembea na kuajiriwa, na mwezi wa Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Waliokuwa na karakana mjini waliziacha. Mteja anayekwenda huko na kusema "kwa bei hii, la sivyo naondoka" anajua kwamba mwenzake hana pa kwenda. Msimamizi wa shamba akitufanyia sisi hivyo, tunakuja kulalamika ofisini kwa chama.

Kitanda changu kilikuja mwezi wa Juni. Nililipa tofauti ya bolti na vanishi, naye akaongeza chaga mbili bila kudai. Sehemu ya chini ya miguu tuliipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa, mara mbili, na kuiacha juani siku mbili kabla ya kuingiza ndani.