Linux ofisini: hesabu haianzi na bei ya leseni

Makampuni yanayofikiria kuhamia programu huria huanza kwa kulinganisha bei: Windows hulipiwa leseni, Linux inapatikana bila ada hiyo. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini inaacha nje gharama ya kuzitunza leseni zenyewe. Ernie Ball, kampuni ya California, Marekani, inayotengeneza nyuzi za magitaa, iliijua gharama hiyo kwa njia ngumu.

Mwaka 2000 maofisa wa serikali wenye silaha, wakiwa na amri ya mahakama na wakifuatana na wawakilishi wa Business Software Alliance, chama cha makampuni ya programu, waliingia kiwandani na kukagua kompyuta. Kwa hesabu ya mkuu wa kampuni, Sterling Ball, kati ya kompyuta 72, kiasi cha asilimia 8 ndizo zilizokuwa na kasoro ya leseni.

Chanzo chake ni jambo la kawaida katika ofisi nyingi. Idara ya uhandisi ikipata kompyuta mpya, ya zamani ilipelekwa kwa makarani bila kufutwa programu zake. Hakuna aliyekusudia kuiba, lakini sheria haiulizi nia ya karani.

Shauri lilimalizwa kwa dola 65,000, na dola 35,000 nyingine zikaenda kwa mawakili. Kilichomuudhi zaidi Bw. Ball ni kuona jina la kampuni yake likitumiwa kuwatisha wafanyabiashara wengine. Aliwapa mafundi wake miezi sita waondoe programu za Microsoft, hata ikibidi kurudi kwenye fremu za kuhesabia shanga. Waliweka Linux ya Red Hat na OpenOffice, na mwaka 2003 alikadiria kuwa papo hapo aliokoa dola 80,000.

Hata hivyo, hasira si mpango wa biashara. Jiji la Munich, Ujerumani, lilipitisha uamuzi wa kuhama mwaka 2003, likachukua takriban miaka kumi kufikisha kompyuta zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 baraza likapiga kura ya kurudi Windows. Mafunzo, nyaraka zinazoharibika mpangilio na programu maalum zisizokubali Linux ni gharama halisi, na muuzaji hazitaji.

Suala hili limepamba moto upya tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, huku kompyuta nyingi za zamani zikiwa hazifikii masharti ya Windows 11. Kwa mwenye mashine kama hizo, njia ya busara ni kuorodhesha kila mashine, leseni na risiti yake, kisha kuijaribu Linux kwa wanaotumia barua pepe na kuandika barua tu. Kompyuta ya mhasibu iachwe mwisho, mpaka itakapothibitika kuwa programu yake ya mahesabu inafanya kazi huko.