Peke Yake Gizani: Ni Nini Kiwavutacho Vijana Katika Michezo ya Kutisha?

Mama mmoja alitujia chuoni baada ya sala ya Alasiri, mwezi wa Disemba uliopita, hali amemshika mkono mwanawe mdogo wa miaka minane. Alikuwa na mashtaka mawili. La kwanza ni kuwa huyu mdogo huamka usiku akipiga kelele, wala haachi kusema kuwa kuna mtu ndani ya maji. La pili ni kuwa mwanawe mkubwa, mwanafunzi wetu wa miaka kumi na minane, hukesha chumbani peke yake, taa ameizima, masikio ameyaziba kwa hedifoni, akicheza michezo ya kutisha katika kompyuta mpaka saa nane za usiku. "Maalim," akasema, "mtu mwenye akili zake huitafuta khofu kwa nini? Watu huikimbia."

Swali hilo hatukuwa na jibu lake. Nasi twaungama mbele ya wasomaji wetu ya kwamba tulikuwa tumekwisha kulijibu vibaya kabla ya kuulizwa. Kijana yule alikuwa akisinzia chuoni baada ya sala ya Alfajiri, na khabari za michezo yake zilikwisha kutufikia kwa midomo ya watoto. Siku moja tulimsimamisha mbele ya wenzake, wengi wao wadogo kwake, tukamwita mwoga wa mchana na shujaa wa usiku. Watoto wakacheka. Yeye hakujibu neno, na tangu siku ile sauti yake katika kisomo ilipungua hata ikawa haisikiki safu ya pili.

Basi tuliona si haki kusema tena juu ya jambo tusilolijua. Tukauliza wanaojua, tukasomewa yaliyoandikwa, na mwisho tukakaa wenyewe mbele ya kioo cha kompyuta, kama tutakavyoeleza.

Michezo hii imekusanywa chini ya jina moja la Kiingereza ambalo maana yake ni kutisha na kunusurika. Wazee wengi wadhani ya kuwa aichezaye apenda kuua. Hayo yaweza kuwa kweli katika michezo ya vita, ambamo mchezaji ana risasi zisizokwisha. Humu mambo ni kinyume. Mchezaji ni mnyonge, ametupwa mahali pabaya, ana vitu vichache, na kazi yake ni kutoka salama. Mwaka 1989 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo ulioitwa Sweet Home. Mwaka 1992 Mfaransa Frédérick Raynal na wenzake wa Infogrames wakatoa Alone in the Dark. Kisha mwaka 1996 Capcom wakatoa Resident Evil, ambao kwao Japani huitwa Biohazard, chini ya uongozi wa Shinji Mikami. Huo ndio ulioieneza aina hii duniani, na nakala za michezo ya ukoo wake zilizouzwa zimepita milioni 100.

Tulipoelezwa mpango wa Resident Evil tulistaajabu jinsi ulivyofanana na maisha ya nyumba isiyo na akiba. Mchezaji hujichagulia mtu wa kumwongoza: Chris, ambaye aweza kuchukua vitu sita tu, au Jill, ambaye huchukua vinane. Ukiokota ufunguo, huenda ikakubidi uache dawa. Risasi ni za kuhesabu, na mara nyingi lililo bora ni kumpita adui mbio kuliko kumpiga. Hata kuuhifadhi mchezo, ili kesho uanzie pale ulipofika, kwahitaji upate taipureta na utepe wa wino, nazo tepe zenyewe ni haba. Kwa hiyo mchezaji hatishwi na mazimwi peke yake. Hutishwa na hesabu. Mama wa nyumba aliyebakiwa na vibaba viwili vya unga na siku tano mbele yake aweza kulifahamu jambo hili kuliko sisi tulioandika.

Katika mwaka 1999 kampuni ya Konami, nayo ya Japani, ilitoa Silent Hill, hadithi ya baba anayemtafuta binti yake katika mji uliojaa ukungu. Mashine ya PlayStation ya siku zile haikuwa na nguvu za kuchora mji mzima mpaka mbali, na ukungu ule ukasitiri upungufu wa mashine. Walakini upungufu uligeuka kuwa ndio utisho wenyewe, kwa kuwa mtu hawezi kuona hatua chache mbele yake. Baba yule ana redio ndogo mfukoni, nayo hukwaruza kila kiumbe kibaya kinapokaribia. Wasikia kuwa kipo, hujui kiko upande gani. Sisi tuliolelewa na hadithi za bibi zetu, zilizosimuliwa usiku kibatari kimepunguzwa, twajua kuwa zimwi lilitisha zaidi kabla halijaingia mlangoni.

Ama kuhusu swali la yule mama, wako wataalamu waliolishughulikia. Katika mwaka 2020 watu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walitangaza uchunguzi walioufanya katika nyumba ya kutishia, yaani nyumba ambayo watu hulipa kiingilio ili watishwe. Waliwachukua watu 110, wakawapima mapigo ya moyo, kisha wakawauliza walivyofurahi. Walikuta kuwa furaha haizidi kila khofu izidipo. Khofu ndogo haikuwafurahisha watu, na khofu kubwa mno haikuwafurahisha pia. Furaha iliyo kuu ilikuwa mahali fulani baina ya hizo mbili. Na zamani kabla ya hao, mtaalamu Dolf Zillmann alikwisha kueleza kuwa mwili uliochemka kwa khofu haupoi mara moja. Khatari ikipita, mchemko uliosalia huingia katika furaha ya kuokoka, ukaikuza.

Hayo yaeleza kwa nini mtu hupenda kutishwa. Hayaelezi kwa nini apende kutishwa peke yake. Hilo tulielezwa na kijana mwenyewe, siku tulipokwenda kwao.

Tulikaribishwa chai, kisha tukamwomba atuonyeshe. Alidhani tumekwenda kuivunja kompyuta. Tulipomwambia kuwa twataka kujua, alikaa kimya kitambo, akasema: "Maalim, mimi nikiogopa mbele za watu huchekwa. Humu hapana mtu. Naogopa mpaka nitosheke, kisha naendelea." Hakutukumbusha lile tulilomtendea. Hapakuwa na haja.

Aliongeza kuwa akiwa na mwenzake karibu mchezo huharibika, kwani wawili hutaniana, na mzaha huifukuza khofu. Tulipouliza kwingine tuliambiwa kuwa waundaji wenyewe waliliona jambo hilo. Resident Evil ya tano, iliyotoka mwaka 2009, ilimpa mchezaji mwenzi wa kufuatana naye tangu mwanzo hadi mwisho, na wapenzi wengi wa michezo hii wakalalamika kuwa utisho umekwisha. (Mchezo huo huo ulilaumiwa pia kwa jinsi ulivyowaonyesha watu weusi katika nchi ya Kiafrika iliyobuniwa, na lawama hiyo twaiona ina haki.)

Maneno ya kijana yalitukumbusha jambo letu wenyewe. Tulipokuwa na umri wa miaka tisa, mwalimu wetu alikuwa akitutuma kabla ya Alfajiri kuteka maji ya udhu. Njia ya kisima ilipita chini ya mbuyu ambao kila mtu mtaani alikuwa na hadithi yake. Kutoka mlango wa chuo mpaka kisimani zilikuwa hatua sitini na mbili. Twazikumbuka mpaka leo kwa sababu tulizihesabu kila siku, kwa sauti ndogo, macho chini. Hakuna aliyetuona tukitetemeka. Tulirudi na ndoo, uso mkavu, nasi tukajihisabu wanaume. Kijana wa leo hana mbuyu. Maji ya bomba yako uani, taa ya umeme iko kichochoroni, na chumba chake hulala watu watatu. Sisi hatusemi kuwa kompyuta ni sawa na kisima. Twasema tu kwamba hatukuona ajabu tena.

Mchezo aliotuonyesha huitwa Amnesia: The Dark Descent, uliotolewa mwaka 2010 na kampuni ndogo ya Uswidi, Frictional Games. Mtu mmoja, Daniel, aamka katika ngome ya Prussia mwaka 1839, hakumbuki kitu, ila ana barua aliyojiandikia mwenyewe. Hana bunduki wala upanga. Ana taa ya mafuta na viberiti vya kuwashia mishumaa, navyo si vingi. Akikaa gizani akili yake huvurugika, macho yakaona yasiyokuwapo. Akikaa mwangani adui humwona. Hata kumtazama adui kwaidhuru akili yake, basi yampasa ajifiche pembeni na uso ageuzie ukutani. Waundaji wenyewe humwambia mchezaji tangu mwanzo kuwa asicheze kwa nia ya kushinda.

Tulivaa hedifoni. Kijana akatuwekea sehemu moja ya chini ya ngome, iliyojaa maji ya kufika magotini. Humo mna kiumbe kisichoonekana. Kitu uonacho ni maji yakiruka, tupu, bila ya mguu, yakikujia. Dawa yake ni kupanda juu ya masanduku, kisha kukitupia kitu mbali kikakifuate, nawe ukaruke sanduku la pili. Twasema kweli: tulipanda sanduku la kwanza, tukasikia yale maji yakizunguka, na mkono wetu ukakataa. Kijana alicheka, lakini hakucheka kama walivyocheka watoto siku ile chuoni. Akasema, "Pole pole, Maalim. Hakipandi juu." Hapo tulimwomba radhi, na siku ya pili tukamwomba mbele ya wale wale waliomcheka.

Hapo ndipo pia tulipofahamu mtu wa majini wa yule mdogo. Chumba kiligawanywa kwa pazia, na mtoto alikuwa akichungulia kwa nyuma, usiku baada ya usiku, akiona maji yakiruka bila ya mtu. Hakuwa na pedi mkononi wala hedifoni za kuvua. Kaka yake aweza kuuzima mchezo wakati wowote autakapo, na uwezo huo ndio uifanyao khofu yake kuwa ya kuchezewa. Mtoto hakuwa nao. Kwake ilikuwa khofu tupu.

Marekani ilianza mwaka 1994 kuiwekea michezo alama za umri, kwa chombo kiitwacho ESRB, na Ulaya wana PEGI tangu mwaka 2003; michezo ya namna hii aghalabu hupewa miaka 17 au 18. Lakini alama iko juu ya kasha, na mchezo wa kijana wetu ulikuja kwa flashi ya rafiki. (Hilo la haki ya wenye mali tulizungumza naye mbali.) Baba na mama hawakuwahi kuona kasha wala alama.

Wapo waliotuambia kuwa majini huingia nyumbani kwa njia ya michezo hii. Sisi tulichokiona ni picha na sauti zilizofanywa na mafundi stadi. Tungependa zaidi wazazi waulize yaliyomo katika hadithi zenyewe, kwani nyingine zina makafara na ibada za uzushi. Huko Silent Hill, kwa mfano, maovu ya mji yatoka kwa kundi la dini ya siri. Tena waulize saa ya kulala. Mwenye kuamka saa kumi na moja hana usiku wa kukesha mpaka saa nane, hata akikesha kwa jambo jema.

Mapatano tuliyoyafanya na nyumba ile ni haya: kompyuta huzimwa saa nne, na mdogo amehamishiwa chumba cha bibi yake. Kelele za usiku hazikukoma mara moja. Zilichukua wiki tatu. Kijana bado acheza, na bado acheza peke yake. Wiki iliyopita alisoma juzuu nzima kwa sauti, na safu ya nne walimsikia. Alipomaliza alitukaribia akatuuliza kama tumepata kuendelea na ule mchezo, maana ametuhifadhia pale tulipoachia. Tulimwambia kuwa tungali juu ya sanduku la kwanza, na mafuta ya taa yamebaki kidogo.