Je, uyoga unatibu?

Huenda jirani mwenye nia njema amekuletea kopo la unga wa uyoga, au kahawa iliyochanganywa na uyoga, akakuambia inatibu kisukari, saratani, presha na hata VVU. Kopo moja, magonjwa yote!

Madai haya hayakuzuka tu. Uyoga ni jamii ya kuvu, na penisilini, iliyogunduliwa mwaka 1928, ilitokana na kuvu. Huko Japani, kuanzia miaka ya 1970, baadhi ya wagonjwa wa saratani walipewa dawa iliyotengenezwa kutokana na uyoga. Lakini walipewa pamoja na upasuaji na dawa nyingine za saratani, si badala yake. Tena dawa hiyo ilikuwa imechujwa na kupimwa. Unga wa kwenye kopo ni kitu kingine. Kwa uyoga uitwao reishi au ganoderma, majaribio yaliyofanyiwa watu hayajaonyesha kwamba peke yake unatibu saratani, wala kwamba unashusha sukari ya mwenye kisukari.

Kwa hiyo usimwachishe mtoto ARV, wala mgonjwa wako insulini, kwa sababu ya uyoga. Mtoto akiacha ARV, virusi huongezeka tena na vinaweza kuwa sugu kwa dawa aliyokuwa akitumia. Kama mtu nyumbani tayari anakunywa unga huo, mwambie mhudumu wa afya bila aibu, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwani anaweza kutokwa na damu kwa urahisi zaidi.

Sahanini, uyoga una faida. Uyoga wa kulimwa, kama ule wa mamama, una protini, vitamini B na nyuzinyuzi. Ukiukata vipande na kuuanika kwenye jua la mchana kabla ya kuupika, hutengeneza vitamini D. Upike uive vizuri. Hata hivyo uyoga mbichi karibu wote ni maji, hivyo usiondoe maharage, mayai au dagaa kwenye chakula cha mtoto.

Uyoga wa porini ndio wa kuogopa. Kuna wenye sumu unaofanana kabisa na ule unaolika, na sumu ya baadhi yake haiishi kwa kuchemshwa wala kukaushwa. Usiamini kwamba uyoga ulioliwa na wadudu au konokono ni salama kwa binadamu. Sumu mbaya zaidi hukawia: kutapika na kuharisha huanza saa 6 au zaidi baada ya kula, kisha mtoto huonekana amepata nafuu kwa siku moja hivi, kumbe ini linaharibika. Usisubiri nafuu hiyo. Mpeleke hospitali mara moja, pamoja na wote waliokula chungu kimoja naye hata kama hawaumwi, na ubebe mabaki ya uyoga huo, uliopikwa au mbichi, uwaonyeshe.