Masonara wa Nchi ya Wanavajo
Nchi ya Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, imeenea katika majimbo matatu ya Marekani: Arizona, New Mexico na Utah. Ni eneo kame la majabali mekundu na malisho ya kondoo, lenye kilomita za mraba zipatazo 70,000. Serikali yake ina makao Window Rock. Sherehe zinapofika, wanaume kwa wanawake hujipamba kwa fedha na feruzi: bangili pana, mikanda ya visahani, na vidani vyenye hilali kifuani.

Ufundi huu ni wa juzi tu. Katikati ya karne ya 19, Mnavajo Atsidi Sani alijifunza kufua chuma kwa mhunzi wa Kimeksiko. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga maelfu ya Wanavajo kwa miguu hadi Bosque Redondo, wakazuiliwa huko mpaka mkataba wa 1868. Waliporejea kwao, kazi ya fedha ilishamiri. Atsidi Sani aliwafundisha wanawe kufua fedha, na mafundi wakayeyusha dola na peso. Hata ile hilali waliikuta kwenye hatamu za farasi wa Wahispania, walioirithi kwa Waislamu wa Afrika Kaskazini.

Kuchanganya, basi, ndiko kulikouzaa ufundi wenyewe.

Mbinu mojawapo ya kale ingali hai. Fundi huchonga nakshi kwenye bamba la jiwe laini la majivu ya volkano, akalipaka masizi ili fedha isinate kwenye jiwe, akalifunika kwa bamba la pili na kuyafunga pamoja. Kisha humimina fedha iliyoyeyuka kwa joto linalozidi nyuzi 961 za Selsiasi. Ikipoa, bangili hutoka na alama za chembechembe za lile jiwe usoni, na wengi huziacha makusudi.

Sonara Kenneth Begay, aliyezaliwa mwaka 1913, aliubeba ufundi huo akaupa sura mpya: mistari michache, nafasi tupu, vipande vya mti mgumu wa jangwani vikipachikwa ndani ya fedha. Baadaye alifundisha vijana katika chuo cha Wanavajo. Wengine walifuata kwa dhahabu, marijani na lazuli.

Adui yao mkubwa ni bidhaa bandia. Sheria ya Marekani ya 1990 inamtishia anayeuza vitu vya uongo kwa jina la Wenyeji Asilia wa Marekani kwa faini ya hadi dola 250,000 au kifungo cha hadi miaka mitano, au vyote viwili. Mnunuzi makini huigeuza bangili, akatafuta chapa ya fundi na kuuliza ni nani.