Gundi na Dharuba: Jinsi Uimara wa Viungo Unavyopimwa

Vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa gundi vyaweza kuvutwa kwa kani kubwa sana bila kuachana. Hata hivyo, kiungo hicho hicho kikipigwa nyundo mara moja huenda kikabanduka. Je, gundi hiyo ni imara au si imara? Jibu hutegemea muda ambao kani imetumia kufanya kazi yake.

Swali hili linahusu usalama wa watu. Mabati ya bodi za magari mengi ya siku hizi huunganishwa kwa gundi pamoja na kulehemiwa. Gari linapogonga kitu, mabati ya mbele hutakiwa kujikunja na kumeza nishati ya mgongano. Viungo vikifumuka mapema, mabati hayajikunji kama ilivyokusudiwa, na sehemu kubwa zaidi ya nishati hiyo huwafikia abiria.

Gundi nyingi za viwandani ni polima, yaani maada yenye molekuli ndefu mithili ya nyuzi. Kiungo kikivutwa polepole, nyuzi hizo hupata wasaa wa kusogea, na gundi hunyumbuka kidogo kabla ya kukatika. Katika dharuba wasaa huo haupo. Gundi huweza kupasuka kama kioo. Tabia ya namna hii huonekana katika lami ngumu: bonge lake likiachwa siku nyingi hutandaa lenyewe, lakini likipigwa nyundo huvunjika vipande vipande. Baridi nayo huzidisha wepesi huo wa kuvunjika.

Kwa sababu hiyo wahandisi hawatosheki na mashine ya kuvuta polepole. Hutumia pia nyundo inayobembea kama pendulamu, chombo ambacho Georges Charpy wa Ufaransa alikieleza mwaka 1901 kwa ajili ya kupima vyuma. Katika kupima gundi, kipande kidogo hugandishwa juu ya kipande kikubwa kilichobanwa imara. Nyundo huachiwa kutoka juu, hukipiga kipande kidogo karibu na mstari wa gundi, hukibandua, kisha huendelea kupanda upande wa pili.

Ichukuliwe kwamba nyundo ya kilo 2 imeachiwa kutoka kimo cha mita 0.60, na baada ya kuvunja kiungo ikapanda mita 0.35 tu. Nishati iliyopotea ni:

2 × 9.8 × (0.60 − 0.35) = juli 4.9

Ikiwa eneo lililopakwa gundi ni sentimita 2.5 kwa 2.5, yaani sentimita za mraba 6.25, kila sentimita ya mraba imechukua takriban juli 0.78.

Hata hivyo, si nishati yote hiyo iliyotumika kuikata gundi. Sehemu yake imekirusha kipande kilichobanduka, na nyingine imepotea katika mtetemo na msuguano. Aidha, nyundo ikikigusa kipande kwa upande mmoja kwanza, matokeo hubadilika. Kwa hiyo jaribio hili hufaa zaidi kulinganisha gundi mbalimbali katika hali zilizo sawa.

Nyuso zilizovunjika nazo huchunguzwa. Gundi ikibaki pande zote mbili, iliyokatika ni gundi yenyewe. Upande mmoja ukiwa mtupu, gundi haikushika vizuri, na mara nyingi sababu ni mafuta, vumbi au kutu.

Dawa mojawapo ya udhaifu huu ni kuchanganya katika gundi ngumu ya epoksi chembe ndogo mno za mpira. Ufa unapoanza, chembe hizo huifanya gundi inayozizunguka inyumbuke na kumeza nishati, hata ufa ukashindwa kuenea kwa urahisi. Gundi hiyo huenda isiishinde ile ya kwanza katika mashine ya kuvuta polepole; ubora wake hudhihirika nyundo inapoachiwa.