Kulinda Baiskeli Usiku Unapolala Hemani

Mashauri kwa wasafiri wa Meru na Embu

Mtu anayesafiri kwa baiskeli kutoka Embu kwenda Meru hupita njia ya kiasi cha kilomita 130, akizunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya. Hapana budi ashuke na kupanda mabonde mengi, yakiwamo ya mito ya Ena, Thuci, Nithi na Mutonga, na ni wachache wanaoweza kuimaliza njia hiyo kwa siku moja wakiwa na mizigo. Kwa hiyo wengi hulala njiani, na baadhi yao hulala hemani. Kulipokucha, mwenye hema hufungua mlango na kutazama jambo moja kwanza: je, baiskeli ipo?

Swali hilo si dogo. Aliyeibiwa baiskeli karibu na kwake hurudi nyumbani kwa miguu, akalala kitandani mwake. Lakini aliyeibiwa safarini hubaki na hema, blanketi, sufuria na mizigo mingine asiyoweza kuibeba mgongoni, naye yuko kati ya watu wasiomjua. Tena baiskeli hununuliwa kwa akiba ya miezi mingi. Wazee wa Meru na Embu, ambao walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, walijua vizuri ni debe ngapi za kahawa zilizohitajika ili kupata baiskeli moja.

Usiku ni mrefu

Meru iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Kwa sababu hiyo usiku wake ni wa kiasi cha saa kumi na mbili mwaka mzima, na mwizi ana nafasi ya kutosha. Yafaa msomaji afahamu mapema kwamba hakuna kufuli isiyoweza kuvunjwa na mtu mwenye nyundo, tupa na usiku mzima wa giza. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwizi na kumlazimisha apige kelele. Wanaomzuia hasa ni watu. Basi kinga ya kwanza ya baiskeli ni kujulikana na wenyeji wa mahali unapolala.

Piga hodi kabla ya jua kutua

Jitahidi kufika mahali pa kulala kabla ya saa kumi na moja jioni, ili watu wakuone na wewe uwaone. Usilale kando ya barabara kuu, wala karibu na vilabu vya pombe, wala mahali ambapo hema laonekana na kila apitaye. Karibu kila shamba la nchi hii lina mwenyewe, na kupiga hema bila ruhusa ni kosa na pia ni utovu wa adabu. Mwendee mwenye boma, umsalimu, umweleze utokako na uendako, kisha umwombe nafasi. Asipokuwapo, mtafute mzee wa kijiji au naibu wa chifu. Waweza pia kuomba uwanja wa kanisa, au wa shule wakati wa likizo. Na mjini, yafaa kuuliza katika kituo cha polisi au mahali penye mlinzi wa usiku.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni naye hupona kwa mwenyeji wake. Ukikubaliwa bomani, mbwa wa boma ni walinzi wako, na majirani wakisikia kelele watajua kwamba kuna mgeni na mali yake. Mara nyingi mwenyeji mwenyewe atasema baiskeli iingizwe jikoni au ghalani. Usikatae, hapo ni salama kuliko mti wowote. Ukimkabidhi mlinzi, fanya hivyo mbele ya mwenyeji wake, mwonyeshe mlinzi kila kilichomo, na mkubaliane ujira jioni, si asubuhi.

Namna ya kufunga

Ikiwa baiskeli haina budi kulala nje, ifunge kwenye mti mnene ulio hai karibu na hema. Mgrevilea uliokomaa, ambao mashamba ya huku yanao kwa wingi, wafaa sana. Mgomba na mpapai havifai, maana hukatika kwa panga kwa dakika moja. Nguzo fupi ya ua nayo haifai, kwa kuwa mnyororo waweza kuinuliwa na kutolewa juu.

Mnyororo upite mahali patatu: katika fremu, katika gurudumu la nyuma, na kuuzunguka mti. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, mwizi atalegeza nati mbili tu, akuachie gurudumu na kwenda na baiskeli. Mnyororo ukaze, usiburuzike chini, kwa maana mnyororo uliolala juu ya jiwe ni rahisi kuvunjwa kwa nyundo. Tundu la ufunguo litazame chini ili mvua isiingie. Waya mwembamba uliovikwa plastiki hukatwa kwa koleo. Utumie kwa kufunga mizigo tu. Ufunguo uvae shingoni. Kuuficha chini ya jiwe ni kumwekea mwizi.

Wasafiri wawili wafunge baiskeli zao pamoja, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, kwani ni vigumu kukimbia na baiskeli mbili zilizogeukiana. Mahali pasipo na mti, ilaze baiskeli ubavuni mwa hema, uifunge kamba nyembamba iingiayo ndani, na juu yake uweke sufuria na vikombe vya bati. Atakayeigusa atakuamsha. Aidha, ishushe cheni kutoka kwenye meno ya gia. Mwizi akirukia kitini na kukanyaga pedali, miguu yake itazunguka bure, na hapo utapata nafasi ya kupiga kelele.

Pampu, taa, mkoba wa vyombo na kila kitu kinachotoka bila spana viingie hemani. Halafu ifunike baiskeli kwa turubai au nguo nyeusi. Kitu kinachong'aa huonekana mbali kwa mwanga wa tochi, na jalada hilo pia huzuia umande, ambao katika nyanda za juu huleta kutu.

Hatari nyingine

Katika nchi ya chini, kama vile Mbeere na Tharaka, wako wezi wa miguu minne. Fisi hupenda kutafuna ngozi, hata mpira, na kiti cha ngozi chenye jasho la mtu humvuta. Penye fisi, kiti na mikanda ya ngozi ilale ndani. Pia tazama chini kabla ya kuegemeza baiskeli kwenye mgunga, maana miiba iliyoanguka hutoboa tairi, na asubuhi utaanza siku kwa kuziba.

Mali bila daftari

Husemwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya safari, igeuze baiskeli na kutafuta namba iliyopigwa katika chuma cha fremu. Mara nyingi iko chini, pale mhimili wa pedali unapopita, au karibu na bomba la kiti. Iandike katika karatasi mbili, moja ibaki nyumbani. Tunza risiti. Ipige picha kwa simu, pamoja na alama zake, kama vile mkwaruzo au rangi iliyobanduka. Baiskeli nyeusi hufanana kama maharagwe, lakini namba ya fremu hutofautisha hii na ile.

Ukiibiwa, mwamshe mwenyeji wako mara moja, na asubuhi uende naye kituo cha polisi. Hakikisha habari imeandikwa katika kitabu cha matukio, nawe upewe namba yake. Kisha uwapitie mafundi wa baiskeli wa masoko ya karibu na kuwaachia namba ya fremu, kwani baiskeli ya wizi huhitaji kubadilishwa vyombo, na fundi ndiye huiona kwanza.

Akikamatwa mtu, asipigwe. Akabidhiwe polisi. Kuna watu waliouawa kwa ajili ya mali ndogo, na baadaye ikajulikana kwamba hawakuwa wezi. Sheria inatosha: Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 275, yaweka kifungo cha hadi miaka mitatu kwa wizi. Na anayepokea mali akijua kwamba imeibwa aweza kufungwa hadi miaka kumi na minne chini ya kifungu cha 322. Kwa hiyo, ukiuziwa baiskeli gizani, kwa bei ndogo na bila risiti, fikiri kwanza.

Hata Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, wezi wa baiskeli wako, na watu hufunga zao kila wanaposhuka. Basi msafiri wa Embu au Meru asione haya kufunga yake mbele ya mwenyeji mwema. Amweleze kwa upole kwamba ndiyo desturi yake kila mahali. Mwenyeji hatachukizwa, yeye naye hufunga zizi lake kila jioni.