Alipo na Anakoelekea: Sarufi ya Kiswahili katika Hesabu za Vekta na Kalkulasi

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya akiulizwa derivati ya t³ – 6t² + 9t, aghalabu hujibu bila taabu. Hushusha kipeo, hupunguza kimoja, na jibu la 3t² – 12t + 9 huwa tayari. Swali lilo hilo likivishwa maneno, likawa habari ya chembe iendayo juu ya mstari mnyofu, ambayo baada ya sekunde t iko umbali wa mita t³ – 6t² + 9t kutoka ilikoanzia, mwanafunzi yule yule hukwama. Kanuni anaijua, hajui aitumie kujibu nini. Walimu wengi wa hisabati huliita jambo hili uvivu wa kusoma, na jina hilo halina haki. Kilichomshinda mwanafunzi ni picha ya mwendo ule, na picha hiyo ilipaswa kuletwa na lugha. Kwa hiyo idara za lugha haziwezi kujitenga na jambo hili kwa kisingizio kwamba lina tarakimu ndani yake.

Mchango wa wataalamu wa Kiswahili katika hisabati umekuwa hasa ule wa istilahi. Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, maneno kama desimali, mzingo, eneo na mlinganyo yalipata darasa la kuyatumia. Maneno ya kalkulasi hayakupata bahati hiyo, kwa kuwa elimu ya sekondari ilibaki katika Kiingereza. Nchini Kenya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikipa Kiswahili nafasi ya somo la lazima lenye kutahiniwa, lakini vekta na kalkulasi ziliendelea kufundishwa kwa Kiingereza, na mtaala wa umilisi unaoufuata haukubadili hali hiyo. Anayengoja istilahi zikamilike ndipo aanze kumsaidia mwanafunzi atangoja sana. Lakini kuna chombo kingine ambacho hakihitaji kungojewa na kamati yoyote, nacho ni sarufi.

Wanasarufi wote wa Kiswahili, na E. O. Ashton katika kitabu chake cha mwaka 1944 akiwa miongoni mwao, wameeleza tofauti iliyopo baina ya viambishi vya mahali -po-, -ko- na -mo-. Kwa muhtasari, -po- huonyesha mahali dhahiri, pawezapo kunyoshewa kidole. -Ko- huonyesha mahali pasipo dhahiri, au upande ambako kitu kinaelekea. -Mo- huonyesha ndani. Mwanafunzi wa vekta anahitaji tofauti hii ya kwanza kuliko anavyohitaji kanuni yoyote. Vekta ya mahali humwambia kitu kilipo. Vekta ya uelekeo humwambia kinakoelekea. Katika karatasi zote mbili ni mishale tu, au ni tarakimu mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kwa macho hazitofautiani hata kidogo.

Chukua swali la kawaida. Nukta A iko (1, 2), nukta B iko (7, 5), na P iko juu ya mstari AB, theluthi moja ya safari kutoka A. P iko wapi? Wanafunzi wengi hutoa A katika B, wakapata (6, 3), wakagawanya kwa tatu, wakaandika (2, 1). Hesabu yao haina kosa. Kosa ni kwamba wamejibu swali ambalo hawakuulizwa: (2, 1) ni mwendo wa kutoka A kwenda P. Mwalimu akimwambia mwanafunzi aseme kwa Kiswahili, “A ilipo ni hapa, inakoelekea B ni kule, P ilipo ni wapi?” atatambua kwamba neno “ilipo” haliwezi kujibiwa kwa mwendo peke yake. Sharti aanzie A ilipo, kisha aongeze mwendo: (1, 2) na (2, 1) ni (3, 3). Wengi wasioelewa kwa nini vekta OA huongezwa mwanzoni mwa kila mlinganyo wa namna hii hawajaambiwa kwamba swali linahusu -po-, na wao wanajibu kwa -ko-.

Mambo huwa magumu zaidi vekta zinapokutana katika mwendo. Manahodha wa mwambao wanajua, bila kuandika mlinganyo, kwamba mkondo ukiwa na nguvu chombo hakifiki pale omo ilipoelekezwa. Tuseme mashua inavuka mkono wa bahari wenye upana wa mita 400. Omo imeelekezwa ng’ambo moja kwa moja, mashua inakata maji kwa mita 2 kwa sekunde, na mkondo unakwenda sambamba na ufuo kwa mita 1.5 kwa sekunde. Itachukua muda gani kuvuka, na itafika wapi? Mwanafunzi aliyefundishwa kujumlisha vekta zenye pembe mraba baina yao hupata haraka kwamba mashua inakwenda mita 2.5 kwa sekunde. Kisha anagawanya 400 kwa 2.5, anapata sekunde 160, na alama zake zinapotea.

Kiswahili humpa vitenzi vitatu kwa mambo haya matatu: mashua inakoelekea, inakochukuliwa, na inakokwenda. Mita 400 zimepimwa upande gani? Zimepimwa upande mashua inakoelekea. Basi muda wa kuvuka ni 400 kugawanywa kwa 2, yaani sekunde 200. Katika sekunde hizo mkondo umeichukua mita 300, nayo inatia nanga mita 300 chini ya mahali palipoikabili ilipong’oa. Njia iliyopita yenyewe ni mita 500, na ukizigawanya kwa 2.5 unarudi kwenye 200 zile zile. Kwa mwanafunzi aliyekwisha kutenganisha “inakoelekea” na “inakokwenda”, kosa la sekunde 160 ni gumu kulifanya, maana atajiuliza mita 400 ni za kitenzi kipi.

Sasa ile chembe ya mwanzo. Kasi yake ni 3t² – 12t + 9, ambayo ni sawa na 3(t – 1)(t – 3). Inakwenda mbele hadi sekunde ya 1, inarudi nyuma hadi sekunde ya 3, kisha inakwenda mbele tena. Mahali pake katika sekunde 0, 1, 3 na 4 ni mita 0, 4, 0 na 4. Ukiuliza baada ya sekunde 4 ilipo, ni mita 4 kutoka ilikoanzia. Ukiuliza ilikopita, ni mita 12. Mtihani hupenda kuuliza la pili, na mwanafunzi hujibu la kwanza, kwa sababu kujumlisha kasi kwa kalkulasi tangu 0 hadi 4 humpa 4 bila kumwonya kwamba chembe imerudi katikati ya safari.

Katika swali hilo hilo umo mtego mwingine, na huu umetegwa na Kiswahili chenyewe. Kasi ikiwa sifuri katika sekunde ya 1, mwanafunzi husema chembe “imesimama”. Kiambishi -me- hubeba hali inayodumu baada ya tendo: aliyesimama bado yuko wima, aliyelala bado yuko kitandani. Kutokana na “imesimama” mwanafunzi huhitimisha kwamba hapana badiliko lolote, na kwamba ongezeko la kasi nalo ni sifuri. Ukweli ni kwamba ongezeko hilo, 6t – 12, linakuwa –6 papo hapo. Chembe haijasimama kwa maana ya -me-, inageuka. Na “papo hapo”, msemo ambao watu huutumia kila siku kwa haraka na dharura, ni jina zuri kuliko mengi kwa kasi ya nukta moja ya wakati, kwani -po- ni kiambishi cha mahali na cha wakati pia.

Juu ya kikomo yafaa kusema machache. Neno hili limetokana na koma, nako kukoma ni kufika mwisho. Lakini kisa cha kalkulasi hakina kufika. Mwinamo wa t² karibu na t = 3 hupatikana kwa kugawanya (3 + h)² – 9 kwa h, nao ni 6 + h. Hapa h haiwezi kuwa sifuri, maana hakuna kugawanya kwa sifuri. Hata hivyo 6 + h hukaribia 6 kwa kadiri yoyote itakayotakiwa. Kitenzi “karibia” hubeba maana hiyo barabara: aliyekaribia mlango hajaingia. Neno kikomo lishike nafasi yake kitabuni, lakini sentensi ya kwanza ya mwalimu iwe ya kukaribia. (Wapo watakaotaka kuiita derivati “kinyambuo”. Wanaisimu wana haki ya kupinga, kwa kuwa wamekwisha kulitumia neno hilo kwa vitenzi kama pigana na pigwa.)

Hapana budi kukiri upungufu wa njia hii. Wanafunzi wengi wa Nairobi na miji ya bara husema “niko hapa” na “yuko wapi” kwa kila mahali, na -po- ya mahali imekwisha kupotea katika mazungumzo yao. Kwao tofauti iliyoelezwa hapa si urithi wa nyumbani. Hufundishwa katika somo la Kiswahili, aghalabu kama orodha ya virejeshi vya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mwalimu wa Kiswahili angeweza kuifundisha kwa mashua na mkondo badala ya sentensi za kubuniwa, na mwalimu wa hisabati wa shule hiyo hiyo angenufaika wiki ifuatayo. Jibu bado litaandikwa kwa Kiingereza. Maneno matatu ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi kando ya mchoro hayamzuii mtu kuandika jibu hilo.

Liko pia jambo ambalo sarufi haikulitatua. “Kasi” katika Kiswahili ni moja, iwe na uelekeo au isiwe nao, na “mwendokasi”, ambalo lingeweza kusaidia, kwa watu wengi wa Dar es Salaam sasa ni jina la mabasi. Chembe ile katika sekunde ya 2 ina kasi ya –3. Mwanafunzi huiona alama ya kutoa, huidhani ni kosa lake, huifuta. Pengine dawa ni kumzoeza asome tarakimu hiyo kwa sentensi nzima: inakwenda mita 3 kwa sekunde, ikirudi ilikotoka.